Mashati ya Majitu

Kwa miaka yote aliyofanya kazi kiwandani, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Kola. Aliyeketi kulia kwake alikuwa Mkono, na aliyeketi nyuma yao, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, alikuwa Tundu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya vifungo na kuyazungushia uzi. Shati la mtoto liliingia upande mmoja wa ukumbi likiwa vipande, likapita cherehani baada ya cherehani, na kutokea upande wa pili limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, tayari kupandishwa meli kwenda ng'ambo. Kola hakuwahi kushona shati. Alishona kola. Angeweza kuishona akiwa amefumba macho huku akimsengenya msimamizi, na bado ncha zake mbili zikalingana kama masikio ya paka. Lakini ungemwambia akushonee shati zima, angekutazama kama mtu aliyeombwa arushe ndege.

Hivyo ndivyo dunia ilivyotaka, na dunia ikitaka jambo haimuulizi mtu. Zamani fundi alikuwa mtu mmoja na shati lilikuwa la mtu mmoja. Fundi alijua umenenepa kabla mkeo hajajua. Alijua kwamba bega lako la kushoto limeinama kwa mizigo uliyobeba ujanani, akalificha kwa ujanja wa mkasi, na siri hiyo akaenda nayo kaburini. Shati lilivaliwa, likatiwa kiraka, likapunguzwa akapewa mdogo wa mwenyewe, na lilipokufa lilifia nyumbani, likiwa tambara la kupigia deki. Kisha vikaja viwanda, ikaja mitumba kwa marobota, nguo za watu wasiojulikana kwa watu wasiojuana, na mafundi wakafunga milango yao mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyewalilia. Watu walikuwa na haraka ya kuwahi robota jipya likifunguliwa.

Mmoja wa mafundi hao aliishi nyumba moja na Kola. Alikuwa baba mkwe wake.

Walikaa vyumba viwili na kibaraza, nyuma ya duka la misumari na rangi, na harufu ya tapentaini ilikuwa imezama hata kwenye mashuka. Mzee alilala chumba cha mbele, ambamo cherehani yake ya zamani ilisimama pembeni imefunikwa kitambaa, kama ndege wa tunduni aliyefunikwa asiimbe. Hakuwa ameigusa tangu alipofunga duka. Alikuwa na mashati mawili aliyojishonea mwenyewe enzi hizo, yenye viraka juu ya viraka, na kamwe hakuvaa nguo iliyotoka kiwandani, hata zile zenye kasoro ndogo ambazo Kola aliruhusiwa kuja nazo nyumbani.

"Wewe hushoni, mkwe," alimwambia mara nyingi, bila ubaya, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. "Unabandika."

"Ndiyo, Baba," Kola angejibu, akamwongezea chai.

Hakukasirika, na alikuwa na sababu. Mumewe alipofariki, ndugu wa marehemu walikaa chumba hicho hicho cha mbele wakazungumza kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia wanapomfukuza mtu kwa adabu. Bado kijana, walisema. Hakubahatika mtoto. Kwao wapo, watampokea. Mzee aliwaacha wamalize, akasubiri hadi mwisho wa sentensi ya mwisho, kisha akasema, "Mkishamaliza, mpisheni mkwe wangu akapumzike chumbani kwake. Hapa ndipo kwake." Akanyanyuka akaenda kuwafungulia mlango. Neno hilo Kola alilitunza moyoni kama watu wengine wanavyotunza dhahabu. Mtu aliyekwambia hapa ndipo kwako, siku ambayo huna mume wala mtoto wa kukutetea, anaweza kukuambia unabandika mpaka dunia iishe.

Habari mbaya zilianza kwa redio. Mzee alikuwa na redio iliyosikika vizuri tu ikiegemezwa ukutani kwa pembe fulani, na asubuhi moja ilisema kwamba katika nchi kubwa za ng'ambo benki moja imeanguka, na nyingine zinayumba.

"Imeanguka?" Mzee alimuuliza mkwewe. "Imemwangukia nani?"

"Wenye benki, nadhani, Baba."

"Hao hawaangukiwi na kitu. Sikiliza vizuri."

Wakasikiliza. Mtaalamu mmoja, aliyezungumza kama mtu aliyeshiba, akaeleza kwamba watu wa kule walikopeshwa nyumba wasizoweza kuzilipia, na mikopo hiyo ikafungwa vifurushi, na vifurushi vikauzwa, na waliouziwa wakauza tena, hadi ikawa hakuna ajuaye ndani ya kifurushi kuna nini. Mzee akazima redio. Alisema yeye akimuuzia mtu shati ndani ya karatasi na shati lenyewe halimo, atakamatwa kabla hajafika kona.

Kiwandani hawakuelewa hadi oda zilipoanza kupungua. Kwanza mstari mmoja wa cherehani ulinyamaza, kisha mwingine. Katika ukumbi uliokuwa ukinguruma vikaanza kusikika vikohozi vya watu. Hatimaye meneja alipanda juu ya kreti, akakuna shingo, akasema wateja wa ng'ambo wamesitisha manunuzi kwa sababu watu wa kule hawanunui nguo mpya.

"Mpaka lini?" mtu akauliza.

"Mpaka hali itengemae."

"Hali ya nani?" Tundu akadakia kutoka nyuma. "Yao au yetu?"

Watu wakacheka, na hata meneja akacheka kidogo, kisha akatazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Kwa kuwa kampuni haikuwa na fedha za kuwaaga wafanyakazi wake, aliwaruhusu wenye kazi ya muda mrefu wabebe kila mmoja cherehani yake. Na siku ya mwisho, Mkono alipomuuliza kama anaweza kuchukua zile karatasi ngumu za kukatia vitambaa, pateni za kila saizi zilizotundikwa chumba cha wakataji, alisema, "Chukueni zote. Nani atazitaka?"

Walitoka getini wakisukuma cherehani zao juu ya mkokoteni wa kukodi. Kola aliwaza watoto wa kule waliovaa kola zake kwa miaka yote hiyo, asiowajua hata mmoja. "Na wao watakuwa wamefukuzwa nyumba zao?" aliuliza.

"Watakuwa wamefukuzwa," Tundu akasema akihema. "Lakini angalau wamefukuzwa wamevaa vizuri."

Wiki chache baadaye shemeji alikuja. Alikuwa mdogo wa marehemu, kijana wa ofisini katika mji mwingine, mwenye huruma na mwenye haraka. Alikunywa chai nusu kikombe akamwita Kola kibarazani.

"Shemeji, mimi sikulaumu. Umemtunza Baba kuliko sisi wenye damu yake. Lakini huna kazi, na kodi ya nyumba haisubiri. Mwisho wa mwezi nakuja na gari, namchukua. Na wewe nenda kwa kaka yako ukapumzike."

"Kwako atakaa na nani mchana?"

Shemeji akatazama pembeni. "Kuna televisheni."

Kola alikijua chumba hicho. Kilikuwa ghorofa ya juu, ngazi ambazo Mzee angepanda mara moja na asishuke tena, mlango unaofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Hakubishana. Alisema tu, "Nipe hadi mwisho wa mwezi, shemeji," na alipokuwa akisema hivyo hakujua atafanya nini. Alijua tu kwamba yule mzee hakumwacha atolewe nyumbani humo, na yeye hatamwacha atolewe.

Alimfuata Mkono, wakamfuata Tundu. Walikuwa na cherehani tatu, pateni rundo zima, na baina yao watatu walikuwa wamegusa karibu kila sehemu ya shati. Kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya karibu walikwenda wamevaa nguo zao za heshima. Mama huyo alikuwa amechoshwa na sare za sokoni zinazopauka kabla ya mitihani, na wazazi walikuwa wamekwisha kununua kitambaa. Akawapa mashati ya darasa la kwanza. Yakipendeza, watapewa madarasa mengine yote na itakuwa kazi yao ya kila muhula. Yasipopendeza, alisema, basi tena.

Kibaraza kikageuka kiwanda. Kola alishona kola, Mkono mikono, Tundu matundu na kila kilichobaki, huku wakikosana na kupatana. Mzee alikaa mlangoni mwa chumba chake na redio yake, akijitia hamnazo. Mara moja tu alifungua mdomo.

"Hao watoto mmewapima?"

"Tuna pateni, Baba," Kola akasema. "Za kiwandani kabisa. Zimeandikwa na umri juu yake. Hii ya miaka saba, hii ya nane."

"Mtoto anavaa umri wake?"

Tundu akacheka mpaka sindano ikamchoma. Kola alitamani kumwambia Mzee aje atazame, lakini aliona haya. Alitaka Mzee amwone siku moja ameshona shati zima, kwanza lishonwe, ndipo aonyeshwe. Mzee akageuza redio upande wa ukuta.

Siku ya kuwajaribisha, watoto wa darasa la kwanza walipangwa mstari uwanjani, wakavalishwa. Kola akaona nyota mchana. Mikono ya mashati ilizimeza mikono ya watoto ikabaki inaning'inia kama masikio ya mbwa. Mabega yalishuka hadi kwenye viwiko. Mtoto mmoja mdogo wa mwisho wa mstari shati lilimfika magotini, na alipoambiwa ageuke, yeye aligeuka na shati likabaki linatazama mbele. Kwa miaka yote walikuwa wameshonea watoto wa mbali, wenye mifupa mirefu na waliokula vya kushiba tangu kuzaliwa, na haikuwapitia akilini kwamba miaka saba ya kule na miaka saba ya hapa si kimo kimoja. Hakuna mwingine angekosea hivyo. Fundi wa mtaani hata mlevi asingekosea hivyo, kwa sababu yeye humwona anayemshonea.

Watoto walifurahi mno. Walipiga mbawa na kukimbizana. Wazazi hawakufurahi.

"Mmewashonea majitu?" alifoka mama mmoja mwenye kibanda cha soda, ambaye sauti yake ilitosha kufungia shule nzima. Alikuwa na watoto pacha, na kila mmoja alikuwa amepotelea ndani ya shati lake. "Hawa wangu nitawatafuta na tochi?"

Mwalimu Mkuu hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliwaambia wazazi watakutana Ijumaa. Mashati yakiwa sawa, sawa. Yasipokuwa sawa, wazazi watanunua ya sokoni, na kina mama hawa watarudisha vitambaa vya watu.

Walibeba mashati kichwani wakarudi. Mkono alikwenda kwake kulia. Kola alikaa kibarazani na rundo mapajani. Mzee akatoka. Alikuwa hatoki chumbani saa hizo.

"Leta hilo shati."

Alilipokea, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, kwa maana macho yake yalikuwa yamechoka na kidole hakijachoka.

"Mshono umetulia," alisema. "Kola hii kashona nani?"

"Mimi, Baba."

Akaguna. Akalishika shati kwenye mabega akalipandisha juu, akalitazama kama anayemtazama mgeni asiyetambulika. "Huyu ni nani?"

"Ni wa kule, Baba. Tulikuwa tunawashonea hao."

"Umewahi kumwona hata mmoja?"

"Hapana."

"Na wao wamewahi kukuona?"

"Hata siku moja."

Mzee akalishusha shati. Kola alidhani atasema lile neno la kubandika, na leo angelimeza likiwa chungu kweli. Badala yake Mzee aliketi kando yake juu ya ngazi ya kibaraza, kwa taabu, akishikilia bega la mkwewe.

"Mwanangu kanipigia simu," alisema. "Kaniambia kuna televisheni. Nikamuuliza nitaishona?"

Kola alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

"Usilie juu ya kitambaa, kitaweka alama. Nisikilize. Bahati yenu mmekosea kwa ukubwa. Kitambaa bado kipo ndani ya shati. Mngekosea kwa udogo, mngekuwa sasa hivi mnauza vitambaa vya kufutia vyungu. Kesho nipeleke shuleni."

"Baba, ni mbali, na miguu yako."

"Nimekuambia miguu yangu ni mizima? Nimekuambia nipeleke."

Alimpeleka juu ya mkokoteni ule ule uliobeba cherehani. Tundu alisukuma nyuma akimwita bwana harusi njia nzima, na Mzee, aliyevaa shati lake la viraka na kuning'iniza tepu shingoni, alimwambia kwamba kwa unene huo yeye ndiye angestahili kubebwa. Darasani alikataa kuwapima watoto kwa namna waliyozoea, mmoja mmoja amesimama wima na pumzi ameibana.

"Hivyo anasimama mtoto gani, jamani? Anayepigwa picha?"

Akamwaga vifungo sakafuni. Akawaambia watoto wamwokotee. Walipoinama, walipojinyoosha, walipogombania kifungo chini ya dawati, hapo ndipo alipowapima, akimvuta huyu na yule kwa kola, akipitisha tepu kwenye mkono uliokunjwa, siyo ulionyooka, kwa sababu mkono ulionyooka hudanganya. Kola alikuwa nyuma yake akiweka alama za chaki juu ya shati la kila mmoja. Wale pacha hawakuwa sawa hata kidogo, mmoja mnene wa tumbo na mwingine mwembamba wa mabega mapana, na kiwanda kingewapa shati moja kwa kuwa walizaliwa siku moja. Mdogo wa mwisho wa mstari alikuwa na bega moja la chini. Mzee alilishika bega hilo kidogo, na Kola akaelewa akaweka alama yake pale bila kuambiwa.

Nyumbani wakafumua. Walifumua kila kitu walichokishona, na kazi ya kufumua haina utukufu wowote, ni vumbi la nyuzi puani na macho kuwasha. Kisha Mzee akafunua cherehani yake, akaipulizia vumbi, akaitia mafuta. Lakini mkasi aliushika mara moja tu. Mkono wake ulitetemeka na mstari ukaenda kombo. Aliutazama mkasi, akampa Kola.

"Kata wewe. Mimi nitasema."

"Baba, mkono wangu unatetemeka."

"Wangu pia. Tofauti ni kwamba wako utaacha."

Alikata. Kitambaa kililia ile sauti yake ya kukatwa, na Kola alihisi kwamba ameruka mtaro mpana bila kujua kama upande wa pili kuna ardhi. Kulikuwa na ardhi. Akakata la pili, na la tatu. Mzee aliketi nyuma yake akisema, "Ingia ndani kidogo. Acha pindo refu chini, atakua. Usimkabe kwapa, huyu ni mtoto, atapanda miti." Hakumsifu na hakumfokea. Alizungumza kama alivyokuwa akizungumza na wenzake miaka ile mtaa wao ulipokuwa na mafundi kila mlango, na waliopita wakazisikia cherehani zao kutoka mwanzo wa barabara. Mtaa huo leo unauza vifuniko vya simu.

Si kwamba Mzee alikuwa sahihi kwa yote. Kola zile ndogo za kiwandani alizidharau, akataka ziwe pana na ndefu kama za ujana wake.

"Baba," Tundu akasema akiishika moja aliyoichora Mzee, "na upepo ukivuma? Mtoto atapaa."

"Wakati wetu kola ilikuwa hivi."

"Na wakati wenu watoto walikuwa wanaruka?"

"Walikuwa wanapendeza!"

"Walikuwa wanaonekana kama popo, Baba, tumeziona picha."

Mzee alinuna, akanywa chai, akanuna tena, na hatimaye akasema kola ni kazi ya mkwe wake na yeye hataiingilia. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwamba kuna kazi ni ya mkwe wake. Kola aliuma ulimi asitabasamu sana.

Ijumaa wazazi walijaa darasani, na mbele kabisa alikaa mama wa soda amekunja mikono kifuani. Walimwita yeye kwanza, makusudi. Pacha walivaa. Akamgeuza mmoja, akamgeuza mwingine, akavuta mshono, akatia vidole kwenye kwapa, akainama kutazama pindo. Darasa zima lilisubiri. Kola alikuwa amesimama ukutani na mikono yake haijui pa kukaa, na katika kichwa chake lilikuwa linasimama gari la shemeji, injini inanguruma.

"Mimi," mama wa soda akasema hatimaye, "sina la kusema."

Watu wakaangua kicheko, maana tangu wamjue hakuwahi kukosa la kusema. Yeye mwenyewe akacheka. Kisha akamfuata Kola pale ukutani akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, mama. Huyu mwembamba hajawahi kuvaa kitu kilichokuwa chake." Mama wa yule mtoto wa mwisho wa mstari alimtazama mwanawe kwa mbele na kwa nyuma, mabega yote mawili yamekaa sawa, akafunika mdomo kwa kanga. Mwalimu Mkuu aliwapa madarasa yote.

Shemeji alikuja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Aliliacha gari nje na kuingia na masanduku mawili matupu. Alikuta kibaraza hakipitiki. Mkono alikuwa anapiga pasi, Tundu anakosana na uzi, na baba yake ameketi katikati, tepu shingoni, anamweleza msichana mkubwa wa darasa la saba kwa nini sketi yake haitapunguzwa hata akilia.

"Baba, shikamoo. Gari liko nje."

"Marahaba. Liambie liende."

"Lakini Baba, tulikubaliana..."

"Wewe na nani? Mimi nina kazi. Na wewe, sogea, umenizibia mwanga."

Shemeji alimtazama Kola. Kola alitazama chini, kwa kuwa angemtazama angecheka, na shemeji alikuwa mtu mwenye nia njema asiyestahili kuchekwa. Alikaa akanywa chai, safari hii kikombe kizima. Alipoondoka aliyaacha yale masanduku yake kwa ajili ya kuwekea vitambaa, akamwambia Kola mlangoni, kwa sauti ambayo hakuitegemea mwenyewe, "Nashukuru, shemeji. Sikujua bado anaweza kufoka hivyo."

Mwaka uliofuata kiwanda kilifunguliwa tena, maana wakubwa wa dunia waliziokoa benki zao, na benki hazikumwokoa mtu. Mkono alirudi, alikuwa na watoto wengi na alipenda mshahara unaokuja tarehe moja. Hakuna aliyemlaumu. Kola hakurudi. Mafundi wa zamani hawakurudi pia, wala haitakuja kutokea tena kwamba mtaa mzima uamke kwa sauti ya cherehani. Hilo limekwisha, na walioliua hawajui hata kwamba waliliua. Lakini katika kibaraza kimoja nyuma ya duka la misumari, nguo bado zilikatwa kwa ajili ya watu wenye sura, na hilo si dogo. Wengi hawakuachiwa hata hilo.

Jioni ya siku ile shemeji alipoondoka, wenzake walipokwenda kwao, Kola alimletea Mzee maji ya kunawa.

"Baba, ahsante."

"Ya nini?"

Alitaka kumwambia ya nini. Ilianzia mbali, tangu ule mlango aliowafungulia ndugu wa marehemu watoke. Lakini Mzee hakuwa mtu wa kuambiwa mambo hayo usoni.

"Ya chai tu, Baba."

"Chai umepika wewe." Mzee akanawa, akajifuta, akanyoosha mkono. "Lete lile shati ulilomaliza mwisho."

Akaligeuza ndani nje, upande ambao hakuna mtu huuona. Kidole gumba kikatembea, kikasimama chini ya kwapa, kikarudi nyuma kidogo.

"Hapa ulikimbia," alisema. "Ulikuwa unatazama gari la shemeji yako. Fumua."

Kola alichukua wembe, akaketi ngazini karibu na miguu ya mzee wake, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja. Mwenye duka la misumari, aliyekuwa anashusha mlango wa chuma, alimsikia anaimba.